Cheti Kilichokataliwa Mombasa

Kompyuta yangu ilinidanganya kutwa nzima. Kila nilipofungua tovuti ya redio yetu, ilifunguka: kufuli dogo pale juu, picha ya mnara, kitufe cha kusikiliza, kila kitu mahali pake. Asubuhi ya Alhamisi hiyo nilikuwa nimebadilisha cheti cha usalama cha tovuti, maana cha zamani kilikuwa kinakwisha muda siku ile. Nikajipongeza kwa chai ya rangi na vitumbua, nikaenda zangu kazini kama mtu aliyetua mzigo. Kumbe hata kuuinua sikuwa nimeuinua.

Redio yenyewe ni ndogo, ya mtaa, chumba kimoja juu ya madrasa hapa Chumbageni, Tanga. Mnara wake unafika Muheza na Pangani hali ya hewa ikitulia. Anayekaa mbali zaidi ya hapo hana budi asikilizie kwenye intaneti. Baba yangu husoma darasa pale kila siku baada ya Alasiri. Mimi si mtumishi wa redio. Nafundisha kompyuta chuoni, na kwa wazee wa kamati, anayefundisha kompyuta anajua kila kitu chenye waya. Nimeshawahi kuitwa kutengeneza feni.

Cheti cha usalama ndicho kinachoiambia simu ya msikilizaji kwamba tovuti hii ndiyo yenyewe, si ya tapeli. Vipo vya bure vinavyojibadilisha vyenyewe bila mtu kugusa kitu, nami nilivipendekeza. Mjumbe mmoja wa kamati akasema redio inayosoma Qur'ani haiwezi kulindwa na kitu cha bure, wenzake wakaguna kuafiki, kikanunuliwa cha kulipia kwa wakala wa Dar es Salaam. Ndiyo maana kila kinapokwisha muda nakiweka kwa mkono, na kila ninapokiweka naukumbuka ule mguno wao na damu inanichemka upya.

Jioni Shangazi akanipigia kutoka Mombasa. Ni dada mkubwa wa Baba, aliolewa huko tangu ujana wake na hata kusema kwake sasa ni kwa watu wa huko. Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha zote, akaanza kuzunguka.

"Hivi ile redio yenu imefungwa?"

"Kwani unaisikiliza, Shangazi?"

"Mimi? Niisikilize yanini? Kuna jirani yangu hapa aniuliza."

"Simu ya jirani inasemaje?"

Akaanza kunisomea polepole, neno moja moja: kwamba tovuti hii si salama, kwamba huenda kuna watu wanataka kumwibia, kwamba bora arudi nyuma. "Simu yangu hini yanambia nirudi nyuma," akasema. "Mbona jana haikusema hivyo?" Jirani alikwisha sahaulika.

Nikamwambia abonyeze pa kuendelea tu, hakuna wizi wowote. Akanijibu kwamba yeye hajafikia umri wa kuambiwa kuna mwizi kisha akafungua mlango. Akakata simu, nikabaki nimeshika yangu, najua hili si la redio tu.

Maana Shangazi hasemi na Baba. Bibi yangu alipofariki nilikuwa sekondari, Shangazi akapanda basi la kwanza kutoka Mombasa. Likakwama Horohoro mpakani, abiria wakashushwa, mizigo ikafunguliwa mmoja mmoja. Akapiga simu analia, anaomba wamngoje, hataki kingine ila kumwona mama yake uso kabla jeneza halijatoka. Wajomba walimsihi Baba avute mpaka Alasiri. Baba akasema maiti hakawizwi, na baada ya Adhuhuri jeneza likatoka. Shangazi alipoteremka hapa Chumbageni wanaume walikuwa wamekwisha rudi kutoka makaburini, wanakunywa kahawa. Alimtazama Baba akamwambia, "Mimi na wewe basi," akaenda kulala kwa jirani. Tangu siku ile simu za Baba hapokei, na mimi nikilitaja jina lake ananikatia.

Lakini redio anaisikiliza. Nilijua siku aliponipigia akasema, "Babako akohoa sana siku hizi. Mwambie mamako ampe tangawizi na asali. Usiseme nimesema mimi." Nilimpelekea Baba tangawizi na nikasema ni nani kaisema, papo hapo, maana siri za namna hiyo kwangu hazikai. Tangu wakati huo, Baba akitaka kukohoa hewani, kwanza hugeuza shingo mbali na kipaza sauti.

Sasa Baba alikuwa anakwenda Hija. Jumamosi alfajiri alikuwa apande basi kwenda Dar, na kutoka huko ndege. Anayekwenda Hija huomba radhi kwa watu kabla ya kutoka, naye alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba, Chumbageni mpaka Nguvumali, kwa jamaa, kwa majirani, hata kwa fundi wa viatu aliyewahi kumfokea. Alibaki mtu mmoja. Kwenda Mombasa mwenyewe aliogopa, ingawa yeye hakusema kuogopa, alisema miguu. Ile Alhamisi usiku haujaingia, nikiwa bado na simu mkononi, akanijia barazani.

"Kesho nitasema redioni," akaniambia. "Sitamtaja. Atajua mwenyewe."

Nikataka kumwambia kwamba kesho Shangazi hatasikia kitu, kwa sababu simu yake imemwambia wewe mwizi. Sikuweza. Nilisema tu, "Sawa, Baba." Angeweza kurekodiwa, mtaniambia, akatumiwa. Hamumjui Shangazi. Kitu kinachotoka kwa Baba akiletewa hakifungui. Redio aliifungua kwa sababu hakuna aliyemletea, na kwa sababu aliamini hakuna anayejua.

Ijumaa asubuhi nikaomba ruhusa chuoni, nikapanda ngazi za madrasa na kompyuta yangu. Studio nilimkuta fundi mitambo, mtu wa rika langu, mpole kiasi cha kuudhi. Nikamwambia redio haifunguki kwenye simu za zamani. Akatoa yake mfukoni, mpya, akaitazama.

"Kwangu inafunguka," akasema.

Ndiyo, kwake inafunguka. Na kwangu inafunguka. Hapo ndipo pana ubaya wote. Simu haikiamini cheti chetu chenyewe. Inawaamini wakubwa wachache ambao imetoka kiwandani ikiwafahamu, na hao wakubwa hawaandiki vyeti vya redio za mitaani. Katikati wapo wengine, vyeti vya kati, na kila kimoja kimeandikwa jina lake na jina la aliyekidhamini. Ni kama kupeleka posa. Kijana akienda peke yake kubisha hodi, hata awe mzuri vipi, hapewi kiti. Lazima afuatane na watu wanaojulikana na watu ambao wenye nyumba wanawajua. Mimi Alhamisi nilimpeleka kijana peke yake. Kompyuta yangu ilikuwa imeshakutana na hao wa kati kwenye tovuti nyingine, ikajaza pengo yenyewe wala isiniambie. Simu ya Shangazi haijazi pengo la mtu. Mwanawe alimnunulia mpya, ameifungia kabatini, kisa vidole vyake vimeizoea ile.

Zaidi ya hayo, wenye kutoa vyeti walikuwa wamebadilisha mkubwa wao, na simu za zamani huyo mpya haziwezi kumtambua. Kwa hiyo safari hii vilihitajika vyeti vya kati viwili, cha pili kikiwa ndicho kinachounganisha na mkubwa wa zamani. Wakala alituma faili nne zenye majina kama namba za gari, bila hata mstari mmoja wa maelezo. Nilipoziona kwa mara ya kwanza nilichukua ile yenye jina letu, nyingine nikaziacha. Nani asingefanya hivyo?

Sasa nikazikusanya zote kwenye faili moja, kama inavyotakiwa, moja chini ya nyingine. Nikaanza na mkubwa wao. Kisha wa kati wawili, mkubwa mbele ya mdogo. Cheti chetu nikakiweka mwisho kabisa. Wala sikufikiri. Nimelelewa nikiingia chumbani naanza shikamoo kwa mkubwa kuliko wote, naandika kadi za arusi kuanzia kwa wazee, nagawa sahani kuanzia kwa wazee. Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu anatazama kioo, na yeye hakuona kosa.

"Hivyo ndivyo," akasema. "Wakubwa watangulie."

Nikaizima seva, ile mashine inayobeba tovuti, niiwashe upya. Ikagoma. Ikasema ufunguo wetu, ile faili ya siri ambayo cheti huombwa kwayo, haulingani na cheti. Ufunguo! Nikaamini maneno yake, na hapo ndipo asubuhi yangu ilipokufa. Nikautafuta ufunguo wa mwaka jana, nikautafuta wa mwaka juzi, nikalinganisha, nikajilaumu kwamba labda niliomba cheti kwa ufunguo mmoja nikahifadhi mwingine. Nikamwandikia wakala. Akajibu upesi, tena kwa adabu: mpendwa mteja, tafadhali futa kumbukumbu za kivinjari chako kisha ujaribu tena. Nilisoma mara mbili nikacheka kwa sauti, kicheko kibaya, mpaka fundi akavua vile vipokea sauti vyake masikioni.

Wakati huo tovuti ilikuwa imekufa kwa kila mtu. Si Mombasa tu; jamaa wa Maskati, wa Uingereza, wote. Simu yangu ikaanza kulia ujumbe juu ya ujumbe kutoka kwa wajumbe wa kamati, akiwemo yule aliyekataa cha bure, anauliza kama kile cheti cha kulipia kimeibiwa. Sikumjibu. Ningemjibu ningekosana na kamati na ukoo.

Adhana ya Ijumaa ikalia, fundi akaweka mawaidha ya kurekodi akaenda msikitini. Mimi mwanamke, Ijumaa hainilazimu; nikabaki peke yangu na ile seva. Nikasali sala yangu pale pale kwenye mkeka wa studio, nikarudi kwenye kiti nikiwa bado nimenuna. Nikaanza kusoma upya maelezo ya seva, yale ambayo mtu huyaruka akidhani anayajua. Nikaona mstari mmoja mfupi: cheti cha kwanza kwenye faili, seva hukichukua kuwa ndicho chake yenyewe. Basi seva ilikuwa imemshika yule mkubwa kuliko wote, ikadhani ndiye redio ya Chumbageni, ikamjaribia ufunguo wetu. Ufunguo haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kumtanguliza mzee.

Nikasema maneno ambayo chumba kile kilicho juu ya madrasa hakikustahili kuyasikia. Nikahamisha cheti chetu kikakaa juu. Hao wengine nikawaacha walivyo, mkubwa, kisha anayemfuata, kisha mdogo. Seva ikawaka. Fundi akarudi ananukia udi, akatoa simu yake.

"Kwangu inafunguka," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli.

Nikafungua kumbukumbu za seva, ambamo kila anayebisha hodi huandikwa. Wa Maskati kaingia. Wa Uingereza kaingia. Kisha nikaona anwani moja ya intaneti ya Kenya, moja tu, inabisha na kukataliwa. Ikakaa kidogo, ikabisha tena, ikakataliwa tena. Alikuwa ni yeye. Amekaa huko na simu yake, jirani wake wa uongo hayupo, anajaribu na kujaribu, na mimi niliyesomea vitu hivi nashindwa kumfungulia mlango. Machozi yalinitoka, na yalikuwa ya hasira.

Alasiri ikaingia. Baba akapanda ngazi na kanzu iliyopigwa pasi, kitabu chake kwapani, akaketi mbele ya kipaza sauti. Darasa lake halijawahi kuchelewa. Wapo watu hapa mtaani wanaopika chai ya jioni kwa kusikia bismillahi yake. Fundi alinyoosha mkono kwenye kitufe.

"Baba," nikasema, "bado haingii."

"Nani?"

"Unamjua."

Alinitazama, akatazama kompyuta yangu, akamgeukia fundi. "Weka qaswida," akasema.

Fundi akadhani hakusikia vizuri. "Maalim, saa imefika."

"Weka qaswida. Tunangoja."

"Mpaka lini?"

Baba akaninyooshea kidole. "Mpaka huyu aseme."

Nilitamani nimrushie ile kompyuta. Mtu aliyekataa kungoja siku iliyostahili kungojwa, leo anangoja, na kungoja kwenyewe kanitwika mimi. Nikashindwa kujizuia. "Siku ile ungengoja hivi," nikamwambia, mbele ya mtu baki, "mimi leo nisingekuwa nahangaika."

Sijawahi kusema na Baba namna ile. Fundi aliinamisha kichwa akaanza kupanga nyaya ambazo hazikuwa na haja ya kupangwa.

"Najua," Baba akasema. Akaweka mikono juu ya kitabu.

Qaswida ikaisha, fundi akaweka nyingine. Nikafungua vile vyeti kimoja kimoja na kusoma majina, nani kaandikwa mwenyewe, nani kamdhamini. Cheti chetu kilidhaminiwa na yule wa kati mdogo, niliyemweka chini kabisa. Huyo alidhaminiwa na wa kati mkubwa. Na mkubwa kuliko wote, yule wa zamani, hakuhitaji kuwemo kabisa. Simu ya Shangazi inamfahamu tangu kiwandani. Simu mpya hupokea waliochanganyika zikawapanga zenyewe, lakini ya zamani husoma kutoka juu kushuka chini, na ikimkuta baada yetu mtu asiyetudhamini, inafunga mlango. Walitakiwa kupangwa kuanzia kwetu, kila mmoja akifuatwa na aliyemdhamini. Kumbe hata nilipomtanguliza mtoto, kwa wakubwa niliendelea na adabu zangu.

Nikawapanga upya, nikamtoa mkubwa, nikaiwasha seva. Nikampigia Shangazi.

"Mwambie jirani ajaribu tena," nikasema.

"Jirani katoka."

"Basi mjaribie wewe, Shangazi. Tafadhali."

Nyuma yake nilisikia maji yanamiminwa. "Ngoja nitafute miwani," akasema, akakata.

Nikakaza macho kwenye kumbukumbu. Ile anwani ya Kenya ikabisha. Ikaingia. Nikamtikisia Baba kichwa.

Hakufungua kitabu. Alisalimu, akasema leo hasomi, kesho anasafiri, na wote aliowakosea anawaomba radhi. Kisha akageuza shingo akakohoa, akarudi.

"Yuko mtu wangu mmoja aliniomba nimngoje," akasema. "Sikumngoja. Nikasema ni sheria. Sheria ilikuwa na nafasi, mimi ndiye nilikuwa sina. Niliona uzito wa kuangaliwa na watu, nikaona nionekane mwanamume. Mtu huyo hakunikosea kitu. Nimemkosea mimi."

Hapo akaingia kwenye dua, na hapo hapo, kabla dua haijafika kati, kwenye kioo changu ile anwani ya Kenya ikatoka. Nikajua ameitupa simu. Nikajua kazi yote imekwenda na maji. Simu yangu ikatetemeka, nikakimbilia ngazini.

"Mwambie babako nimesikia," Shangazi akasema. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyetoka kulia au anayejizuia. "Na mwambie mimi simsamehe redioni. Mama hakuwa mama wa Tanga nzima. Akirudi huko aendako, aje hapa kwangu, aseme nikimwona uso."

"Shangazi, anasafiri alfajiri. Msamehe tu, mwenzio anakwenda Hija."

"Nimesema aje."

Akakata. Nilisimama pale ngazini nimejaa ghadhabu, na sikujua nimghadhibikie nani. Siku mbili za kuhangaika na faili, seva iliyonigeuza mjinga, na mwanamke huyo, aliyenisumbua kwa jirani asiyekuwepo, bado anaweka masharti. Baba alitoka studio dua ilipokwisha. Nikamwambia yote, neno kwa neno, wala sikulainisha lolote, maana nilitaka na yeye akasirike.

"Kasema nende kwake?" akauliza.

"Kasema hajakusamehe, Baba."

"Hilo nimelisikia. Kasema nende kwake?"

"Ndiyo. Ukirudi."

Akavua kofia, akaipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi, akaivaa. Alishika ukuta akashuka ngazi mbili, kisha akasimama akanigeukia.

"Siku hizi anakaa mtaa gani?" akaniuliza.